Mkutubi na Karata za Turufu

Alikuwa na sauti ya chini popote alipokuwa. Sokoni, ndani ya gari, hata alipokuwa akigombana na fundi wa kiyoyozi, alizungumza kana kwamba kuna mtu anasoma kwenye meza ya pili. Kazi ndiyo iliyomzoesha. Alikuwa mtunza vitabu katika maktaba ya chuo kimoja pale Doha, na sisi tulioishi naye katika ile nyumba ya Umm Salal, nje kidogo ya mji, tulimwita Mkutubi. Wengi wetu hatukuwahi kulijua jina lake, na yeye hakuona haja ya kulitangaza. Alipopokea simu alisema tu, "Naam, Mkutubi hapa," kisha akasubiri.

Nyumba yenyewe ilikuwa kubwa, ya zamani, na mwenye nyumba alikuwa ameigawa kwa mbao ili ikae wapangaji wengi. Mimi nilikuwa dereva wa magari ya hoteli, nimetoka Morogoro katikati ya miaka ya elfu mbili, na chumba changu kilitenganishwa na cha Mkutubi kwa ubao mwembamba kiasi kwamba nilijua siku aliyokohoa na siku aliyocheka peke yake. Alicheka peke yake mara nyingi. Nikimwuliza asubuhi, alisema kuna kitu alikisoma.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Shati lake lilipigwa pasi hata alipokuwa anatoka kwenda kutupa taka, lakini chumba chake kilikuwa fujo tupu, vitabu mpaka juu ya jiko la umeme. Hakumwazima mtu kitabu, hata kwa kuapiwa, ila ukikaa naye angekusomea sura nzima mpaka usinzie. Alikataza kusengenya, kisha akaegemea mbele na kusema, "Hebu nipe historia yake," nawe ukampa historia yote ya mtu, na pale tena halikuwa sengenyo.

Na alikuwa na udhaifu mmoja, ambao wakati ule niliuona ni wema. Hakuweza kumwambia mtu neno la kumwumiza usoni. Pilau ikiungua alisema imekolea. Siku moja mke wangu alipiga simu nikiwa bafuni, naye akanipokelea, akamwambia kwamba nimenenepa na ninalala mapema. Nilikuwa nimekonda kama ufito, na sikumbuki lini nililala mapema. "Kwani kilo mbili tatu zitamdhuru nani?" aliniambia. "Amefurahi mwanamke wa watu."

Kilichotukutanisha hasa kilikuwa karata. Kila Ijumaa baada ya swala na chakula tulikaa kwenye hoshi, yaani ule ua wa ndani wa nyumba, na joto likizidi tukahamia sebuleni penye kiyoyozi. Tulikuwa wanne. Mkutubi, mimi, Otieno, mpishi wa hoteli aliyetoka Kisumu, na Wasswa, mlinzi kutoka Masaka, Uganda. Wasswa hakuishi nasi. Alikaa kwenye kambi ya kampuni yake kule Industrial Area, na Ijumaa alidandia gari la yeyote aliyekuwa anakuja upande wetu. Alikuwa kijana mpole, mkubwa wa mwili, na kumbukumbu yake ilitisha. Karata ikishapita mezani, yeye hakuisahau.

Tulicheza wahedi-u-sitini, mchezo wa Unguja, ambao wawili hucheza dhidi ya wawili na mwenye kufikisha pointi sitini na moja ndiye mshindi. Mkutubi ndiye aliyetufundisha. Wasswa ndiye aliyekuwa mwenzake, na Mkutubi alimpenda kwa hilo kuliko nilivyowahi kumwona akimpenda mtu. Kwenye karata ile sauti ya maktaba ilipotea. Alipiga meza, aliruka, aliwaita wafalme kwa jina la kwao Unguja, "Mzungu wa nne huyo, mchukueni!" Tukiwafunga, alinuna mpaka magharibi. Wasswa asipokuja, Mkutubi alisema kichwa kinamgonga, akaenda kulala.

Karata nyingine zilikuja baadaye. Kulikuwa na mwalimu wa sanaa, mama wa Kiitalia, aliyefundisha chuoni pale. Mkataba wake ulipokwisha alimwachia Mkutubi kasha la karata kubwa kubwa zenye picha, nakala ya zile za kale za kwao, ambazo watu wengi wanazijua kwa jina la taroti. Mkutubi alizileta nyumbani amezifunga kwenye taulo. Kwa muda mrefu hakutuonyesha. Nilisikia tu kurasa zikifunuliwa upande wa pili wa ubao, na kile kicheko chake.

Siku alipozifungua ilikuwa Ijumaa ya baridi, jua zuri, tunakunywa chai ya karak ndani ya vikombe vya karatasi. Alizipanga mezani moja moja, kwa vidole vya mtu anayeshika mayai.

"Tazameni. Hii nini?"

"Kikombe," Otieno akasema.

"Na hii?"

"Sarafu."

"Hii ya tatu upanga, hii ya nne rungu. Sasa nambieni, kule kwetu karata tunaziitaje? Kopa, uru, shupaza, pau. Kopa ni kikombe kwa Kireno. Uru ni dhahabu, yaani sarafu hii. Shupaza ni upanga, pau ni rungu. Mreno alipotuletea karata zilikuwa na picha hizi hizi. Zikaja za Kiingereza zenye moyo na jembe, sisi tukabaki na majina ya zamani. Miaka yote tunasema kikombe na kutazama moyo, wala hakuna aliyeuliza!"

Alikuwa na furaha ambayo ilikuwa vigumu kutoishiriki. Alituambia kwamba hata Wareno na Waitalia hawakuzibuni wao. Karata zilifika Ulaya kutoka nchi za Waislamu, Misri ya zama za Mamluki, na zile za Misri zilikuwa na vikombe, dinari, panga, na fimbo za ule mchezo wa mpira wa juu ya farasi. Zilikuwa na mfalme, kisha naibu, kisha naibu wa pili. "Naibu! Neno hili hili la ofisini kwetu!" Waitalia wa kaskazini wakaongeza picha nyingine juu yake, wakaziita kwa neno lenye maana ya ushindi, na neno hilo ndilo lililotuzalia turufu.

"Si hizi ndizo wanatumia kuangalia kesho ya mtu?" Otieno aliuliza. "Mimi nimeona kwa filamu, mzee. Kuna mama ana vitambaa kwa kichwa, anakuambia utakufa lini."

Mkutubi alikasirika, kwa sauti ya chini. Alisema zaidi ya miaka mia tatu watu walizicheza tu, wakizihesabu pointi kama sisi na wahedi-u-sitini yetu. Halafu Mfaransa mmoja akaziona mezani kwa watu, akadai pale pale kwamba ni kitabu cha siri cha makuhani wa Misri ya mafarao. "Na wakati huo hapakuwa na mtu duniani anayeweza kusoma maandishi ya mafarao! Kasema tu. Watu wakapenda kusikia. Tangu hapo hakuna anayetaka kuzicheza, kila mtu anataka aambiwe."

"Basi hazina maana yoyote ya dini?" nikamwuliza.

Hapo alipoa. Akazipanga zile turufu kwa daraja, kutoka chini kwenda juu. Mfanya mazingaombwe, kisha wafalme na Papa, kisha mapenzi, kisha gurudumu la bahati, kisha mauti, mpaka karata iliyokaribia mwisho, yenye malaika anayepuliza baragumu na watu wakitoka makaburini.

"Huyo namjua," Wasswa alisema. "Ni wa siku ya mwisho. Kanisani kwetu amechorwa ukutani."

"Na kwetu ni Israfili," Mkutubi akamjibu. "Tazama sasa. Papa anapigwa na mapenzi. Mapenzi yanapigwa na gurudumu. Gurudumu linapigwa na mauti. Na mauti, nayo yanapigwa na huyu. Wataalamu wanabishana, lakini mie naona ndivyo ilivyokuwa. Mtu kakaa na wenzake anacheka, anakula zabibu, na mkononi anakumbushwa kwamba atakufa na atafufuliwa. Yalikuwa mawaidha. Si utabiri. Mawaidha yanakwambia lile unalolijua na hutaki kulikumbuka."

Alisema angeandika kijitabu cha Kiswahili juu ya jambo hilo. Alianza hata. Nilimsikia akijisomea sentensi kwa sauti, akizifuta, akizirudia. Nilikuwa nikilala kwa sauti hiyo.

Wakati huo mji mpya wa Lusail ulikuwa unajengwa. Nikipita na wageni wa hoteli nilionyesha kreni kama watu wanavyoonyesha milima ya kwao. Wasswa alihamishiwa huko kulinda jengo, na kwa kuwa alikuwa mwaminifu, kampuni ikamwambia kwamba mkataba ukiisha anaweza kubaki, awe msimamizi wa walinzi wenzake. Akiondoka, nafasi ataipata mwingine. Katika siku hizo hizo akapigiwa simu kutoka Masaka kwamba baba yake amepata kiharusi, upande mmoja haufanyi kazi, na anamtaja yeye.

Alikuja Ijumaa hiyo, akakaa mahali pake. Nilichanganya karata, nikamgawia. Hakuzigusa.

"Mzee, leo sichezi. Niwekee zile za picha."

"Nilishawaambia hazina kitu," Mkutubi alisema.

"Ninajua ulisema. Lakini niwekee. Nikienda, kazi imekwisha na wadogo zangu wataacha shule. Nikikaa, baba yangu ananiita. Mimi kichwa changu kimechoka. Wewe umesoma vitabu vyote. Sina mtu mwingine wa kuniambia."

Otieno naye akamsihi. Nadhani hata mimi nilisema, "Mwekee tu, mzee, moyo wake utulie." Mkutubi alitutazama mmoja mmoja. Akaenda chumbani, akarudi na kasha. Akamwambia Wasswa achote tatu.

Likatoka gurudumu. Ikatoka nyota. Ikatoka ya tatu, mfalme wa uru, ameketi ameshika sarafu yake.

Wasswa alizikodolea macho kama mtu anayesoma barua. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Mkutubi akasema kwa ile sauti ya chini ambayo ilifanya kila kitu kionekane kimetoka kitabuni:

"Gurudumu hili linapanda. Mfalme wa uru ni cheo chako. Nyota ni afya, ni mzee wako huyo, atapata nafuu. Kaa, mwanangu. Atakusubiri."

Otieno alipiga makofi. Wasswa alifunika uso kwa viganja vyake vikubwa, akavuta pumzi ndefu, akacheka. Tukacheza. Mkutubi na Wasswa walitufunga mchezo baada ya mchezo, na sikumbuki kumwona Mkutubi mwenye furaha kama siku ile.

Baba yake Wasswa alifariki muda si mrefu baadaye. Simu ilimkuta getini Lusail. Mpaka ofisi ya kampuni ilipomaliza kumzungusha juu ya ruhusa ya kutoka nchini, mazishi yalikuwa yamepita, na wakubwa wa ukoo wakamwambia asihangaike tena, atume tu cha matanga.

Mkutubi alipopata habari alijifungia. Nilimsikia akitembea, hatua mbili kwenda, hatua mbili kurudi, kwa sababu chumba hakikuruhusu zaidi. Ijumaa ilipofika, Wasswa alikuja akiwa bado na sare ya kazi. Tulisimama wote kumpa pole. Mkutubi alimshika mikono.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikudanganya. Sikuona kitu."

Wasswa akatikisa kichwa taratibu. "Hapana, mzee. Uliona."

"Wallahi sikuona! Ni karatasi zile!"

"Uliona baba atakufa hata nikienda. Ukanificha ili nisibebe mzigo huo, ukaniambia nikae nisipoteze kazi bure. Mimi nimefikiri wiki nzima na nimeelewa. Ninakushukuru."

Mkutubi alijaribu. Alimrudia habari yote, Mamluki, Waitalia, yule Mfaransa na uongo wake. Alizungumza mpaka koo likakauka. Wasswa alimsikiliza kwa adabu ileile aliyokuwa nayo siku zote, na mwisho akasema, "Wewe ni mtu mzuri, mzee," akaomba maji ya kunywa. Nadhani kama angemtukana, Mkutubi angelala usiku ule.

Wasswa aliwasimulia wenzake kambini, kwa nia njema kabisa. Basi Ijumaa zikabadilika. Walinzi, wafagiaji, madereva wa malori, wasichana wa kazi za nyumbani waliopata saa chache za kutoka, walianza kuja Umm Salal kumwulizia mzee wa karata. Aliwaambia hajui kitu. Wakatazamana. Kadiri alivyokana ndivyo walivyozidi kumwamini, kwa kuwa waganga wa uongo hutafuta wateja, na huyu alikuwa anawafukuza.

Safari moja aliwakaribisha. Alitandika mikeka sebuleni, akanunua chai ya wote, akaeleza asili ya karata kama alivyotueleza sisi, kopa na uru, naibu na turufu, malaika na baragumu. Alieleza vizuri sana. Watu walitulia kama darasani. Alipomaliza akauliza kama kuna swali, na dada mmoja wa Kenya aliyekuwa nyuma, mfanyakazi wa nyumbani, akanyoosha mkono.

"Asante, mzee, tumeelewa kabisa. Sasa mimi, huyu bosi wangu atanipa likizo Desemba?"

Tulicheka. Mkutubi hakucheka. Jioni ile niliona amekaa kitandani, mlango wazi, kile kijitabu chake kimefunguliwa magotini. Hakuwa anaandika. Sikumsikia tena akijisomea sentensi. Karata zenyewe alizituma kwa posta kwa yule mama wa Kiitalia, na Wasswa alipokuja kwa ajili ya mchezo wetu wa kawaida, Mkutubi alisema kichwa kinamgonga. Alisema hivyo wiki hiyo, na iliyofuata, mpaka Wasswa akaacha kuja. Mkataba wake mpya wa usimamizi ulipokwisha alirudi Masaka bila kuagana naye.

Mwenye nyumba naye akasikia kuna mtu anaagua ndani ya nyumba yake. Kule jambo hilo si la mzaha, mtu anaweza kushtakiwa kwa uchawi. Kwa heshima ya umri hakupeleka habari popote. Alimwita pembeni, akamwomba ahame. Mkutubi hakujitetea. Nilimbebea vitabu mpaka kwenye gari, na alipokaa kiti cha mbele alifunga mkanda na kutazama mbele, wala hakugeuka kuitazama nyumba.

Sikumwona tena kwa miaka mingi. Doha ni mji mdogo, lakini watu wanaofanya kazi saa zisizolingana wanaweza kukaa ndani yake kama wako nchi mbili. Mara moja nilipita chuoni kwake nikiwa na abiria na sikusimama.

Mwaka ule treni za chini ya ardhi zilipoanza Doha, alinipigia simu. Namba alikuwa bado nayo. Alisema kazi imefika mwisho, anarudi nyumbani, na angependa nimpeleke uwanja wa ndege kama sina wageni. Nilimkuta amesimama nje na sanduku moja. Shati limenyooka. Mwili ulikuwa umepungua ndani yake.

Njiani tulizungumza ya kawaida, afya, nani karudi, nani kafa. Nikamwuliza ndege ya Unguja inaondoka saa ngapi.

"Siendi Unguja moja kwa moja. Nashukia Entebbe."

Nilimtazama.

"Nimempata kwa simu," alisema. "Yupo Masaka, ana duka. Kasema karibu, mzee, njoo uone wajukuu. Nataka kwenda kwenye kaburi la baba yake, na yeye akiwapo, nimwambie."

"Ulishamwambia, mzee. Hakuamini."

"Nilimwambia sikuona kitu. Hiyo ni kweli, lakini si kweli yote."

Tulikuwa tumefika mahali pa kushushia abiria. Nilisimamisha gari, yeye hakufungua mlango. Mlinzi alitupigia filimbi tusogee, nikasogea kidogo, nikasimama tena.

"Alipoingia pale hoshini na kusema baba anamwita, nilijua jibu kabla sijaleta kasha," Mkutubi alisema. "Wewe pia ulilijua. Mtoto anaitwa na baba yake mgonjwa, jibu ni moja. Halihitaji picha. Lakini nilitaka abaki. Sikuwa na mtu katika nchi hii, bwana. Nilikuwa na Ijumaa tu, na Ijumaa yangu ilikuwa yule kijana kukaa mbele yangu na kujua karata gani ninayo bila mimi kusema. Nikamwambia akae."

Alifungua mlango, akashuka, nikamtolea sanduku nyuma. Tulipeana mkono, na hapo, sijui kwa nini, labda kwa kuwa binti yangu alikuwa amemaliza darasa la saba bila mimi na mke wangu alikuwa ameacha kuuliza nitarudi lini, nikasikia kinywa changu kinasema:

"Na mimi, mzee? Nirudi, au nikae kidogo zaidi?"

Alinitazama. Niliona jinsi alivyokuwa anatafuta neno laini, kama alivyozoea, lile la kilo mbili tatu zisizomdhuru mtu. Midomo ilikwisha kufunguka. Kisha akaiacha ikajifunga.

"Umechelewa," alisema. "Umechelewa sana. Nenda nyumbani."

Lilikuwa neno la kwanza gumu nililowahi kulisikia kutoka kwake, na alilisema kwa sauti kubwa, hata mlinzi wa filimbi akageuka. Mkutubi mwenyewe alishtuka. Akanigusa bega, akavuta sanduku lake, akaingia ndani.